Vita vya Mwenzako, Mfuko wa Nani?

Nguyen Van Thieu, rais wa Vietnam Kusini, alikuwa na barua. Mwishoni mwa 1972 na mwanzoni mwa 1973 Richard Nixon alimwandikia mara kadhaa, akimhakikishia kwamba akikubali mapatano ya Paris, kisha Vietnam Kaskazini ikayavunja, Marekani haitakaa kimya. Thieu hakuyapenda mapatano yale, lakini alikubali, na barua akazitunza. Agosti 1974 Nixon akajiuzulu kwa kashfa ya Watergate. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Marekani wakajaza bungeni Wademokrati waliochoshwa na vita. Aprili 1975, majeshi ya Kaskazini yakiteremka kusini mji baada ya mji, Gerald Ford aliomba dola milioni 722 za msaada wa dharura wa kijeshi. Bunge likamnyima. Thieu aliachia ngazi tarehe 21, na tarehe 30 vifaru vikavunja lango la ikulu ya Saigon.

Barua zile hazikuwa za kughushi. Kasoro yake ni kwamba zilikuwa siri ya wakubwa wawili. Bunge lililoshika fedha halikuonyeshwa, na tangu 1973 lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuzuia operesheni za kijeshi za Marekani huko Indochina bila idhini yake. Hata Nixon angebaki ikulu mpaka mwisho wa muhula wake, sioni angezitimiza kwa fedha gani.

Kila nchi inayopigana kwa silaha za mwenzake huijua kalenda ya uchaguzi ya huyo mwenzake kuliko wapiga kura wenyewe. Tangu Februari 2022 Ukraine imefuatilia hesabu za kura za Bratislava, Warszawa, The Hague, London, Berlin na Washington kana kwamba ni zake. Nasi tunaotazama kwa mbali huuliza swali moja tu: ameshinda nani, rafiki au adui? Swali lenyewe si baya, ila majibu yake yamedanganya wengi. Wapo waliosimama jukwaani wakaapa kukata msaada, na silaha zikaendelea kuvuka mpaka. Wapo waliodai kwa sauti kubwa msaada uongezwe, na walipokabidhiwa ofisi wakawa wazito wa kusema. Mimi naona ni heri kuanza kwa kuuliza msaada wenyewe umehifadhiwa wapi: kinywani mwa kiongozi, ghalani mwa jeshi, katika sheria ya bajeti, au katika mkataba wa kiwanda. Serikali mpya huweza kuufuta ule wa kwanza siku ileile inapoapishwa. Ule wa mwisho huenda isiuguse kabisa, na wakati mwingine haitaki kuugusa.

Slovakia ndilo darasa bora la jambo hili. Ni nchi ya watu wasiofika milioni 6, inapakana na Ukraine, na hadi 2023 ilikuwa inatoa kupita ukubwa wake. Aprili 2022 iliikabidhi Kyiv mfumo wake wa S-300 wa kutungulia ndege, na mwaka uliofuata ikatoa ndege 13 za kivita aina ya MiG-29. Robert Fico, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa upinzani, aliingia kwenye kampeni na ahadi ya kutopeleka Ukraine hata risasi moja. Alishinda uchaguzi wa tarehe 30 Septemba 2023, akaapishwa Oktoba, na Novemba baraza lake la mawaziri likaukataa mzigo wa silaha wa takriban euro milioni 40 ulioandaliwa na serikali iliyomtangulia. Kwa hesabu ya jukwaani, ahadi ilitimia.

Lakini tazama alichokikataza na alichokiacha. S-300 ilikwisha kwenda, MiG nazo zilikwisha kwenda. Ghala la jeshi la Slovakia halikuwa na mengi tena ya kutoa bure, kwa hiyo katazo lilikiangukia kisima kilichokwisha kutekwa. Mizinga 16 aina ya Zuzana 2 ilikuwa imeagizwa tangu 2022 kwa fedha za Denmark, Norway na Ujerumani. Hiyo ilikuwa biashara, na Fico hakuizuia. Makampuni yanayotengeneza makombora ya mizinga, yenye viwanda katika miji kama Dubnica nad Váhom, yaliendelea kuuza na kupanua uzalishaji, naye alitamka waziwazi kwamba hana neno na mauzo ya kibiashara. Mpiga kura aliyechoka na vita alipewa katazo. Mpiga kura mwenye ajira kiwandani alibaki na ajira yake. Mtu anaweza kuiita hiyo hila, na hatakosea sana. Mimi nadhani inafundisha zaidi ikitazamwa kama mpaka wa uwezo: chama kinaweza kushinda kwa kupinga msaada, lakini kikishaingia madarakani hukuta msaada huo umeshakuwa mshahara wa watu wake.

Madhara ya Fico kwa Kyiv yalikuwa ya kweli, ila yalitokea kwenye meza nyingine. Januari 2025, baada ya Ukraine kukataa kuongeza mkataba wa kupitisha gesi ya Urusi katika ardhi yake, yeye alitishia kuikatia umeme na kupunguza misaada kwa wakimbizi. Katika vikao vya Umoja wa Ulaya, ambako maamuzi mengi ya mambo ya nje yanataka kauli moja ya nchi zote, Viktor Orbán wa Hungary alipata mwenzake wa kukaa naye upande mmoja. Risasi za Slovakia ziliendelea kuvuka mpaka. Kilichoyumba ni kura ya Slovakia.

Marekani ni habari ndefu zaidi, maana kule fedha ina funguo mbili, na wenye funguo hawachaguliwi siku moja. Watu wengi husimulia kana kwamba msaada ulikwama Donald Trump aliporudi ikulu Januari 2025. Ulikwama zaidi ya mwaka mmoja kabla, Joe Biden akiwa bado rais. Tarehe 3 Oktoba 2023 Wabunge wachache wa Republican wakishirikiana na Wademokrati walimng'oa Spika Kevin McCarthy. Wiki tatu baadaye Mike Johnson, ambaye huko nyuma alikuwa amepiga kura dhidi ya msaada kwa Ukraine, akachukua kiti. Katikati ya vurugu hizo Biden aliomba takriban dola bilioni 61 kwa ajili ya Ukraine. Ombi likalala miezi sita. Kwenye mstari wa mbele askari wa mizinga walikuwa wanahesabu makombora kabla ya kufyatua, na Februari 2024 mji wa Avdiivka ukaanguka. Sitadai kwamba mji ulianguka kwa sababu ya Spika. Urusi iliutwanga kwa miezi mingi na kwa gharama kubwa ya watu wake. Ila majeshi yanayopishana kwa idadi ya makombora hayahitaji mchambuzi kuyaeleza nani atarudi nyuma.

Sheria ilipita Baraza la Wawakilishi tarehe 20 Aprili 2024 kwa kura 311 dhidi ya 112. Johnson mwenyewe ndiye aliyeipeleka ukumbini, akijua sehemu kubwa ya chama chake inaipinga. Kiti kilimbadilisha. Si kila mara hutokea, lakini hutokea vya kutosha kiasi kwamba nchi iliyo vitani hukosea inapomhukumu mtu kwa kura alizopiga kabla ya kukalia kiti.

Kisha kikaja kipindi ambacho wachambuzi hukipita upesi, nami naona ndicho chenye mafunzo mengi: wiki kumi na moja kati ya uchaguzi wa Novemba 2024 na kuapishwa kwa Trump. Serikali inayoondoka ilifanya kazi ya kuhamisha msaada kutoka mahali ambapo mrithi angeufikia kwa kalamu na kuupeleka mahali ambapo angehitaji zaidi ya kalamu. Mkopo wa dola bilioni 50 wa nchi za G7, unaolipwa kwa faida ya mali za Urusi zilizozuiwa Magharibi, ulikuwa umekubaliwa Juni. Desemba Washington iliitoa sehemu yake ya bilioni 20 kwa mkupuo kupitia mfuko ulio Benki ya Dunia. Uratibu wa misafara ya silaha uliokuwa mikononi mwa Marekani ulikuwa unahamishiwa NATO, huko Wiesbaden. Mikataba na viwanda ikatiwa saini. Pamoja na haraka yote hiyo, ilibaki mamlaka ya kuchota takriban dola bilioni 3.85 za silaha kutoka maghala ya jeshi la Marekani. Mamlaka hayo humruhusu rais kuchota, hayamlazimishi.

Trump alipoingia, mambo yalijipanga karibu kama yalivyohifadhiwa. Silaha zilizokwisha kununuliwa kwa mikataba ziliendelea kutoka viwandani na kufika. Mamlaka ya ghala yakakaa kabatini. Na vile vilivyokuwa chini ya kinywa cha rais vilikatwa kwa siku moja. Tarehe 28 Februari 2025 Trump na Volodymyr Zelensky walitupiana maneno mbele ya kamera. Tarehe 3 Machi usafirishaji wa silaha ukasimamishwa, na siku mbili baadaye taarifa za kijasusi nazo zikazuiwa. Tarehe 11 Machi, baada ya wajumbe wa pande hizo mbili kukutana Jeddah na Ukraine kukubali pendekezo la kusitisha mapigano kwa siku 30, vyote vikarudishwa. Silaha zilisimama kwa siku nane tu, lakini zilitosha kumwonyesha kila mtu kitu gani hakina mbadala: macho ya satelaiti, na makombora ya Patriot ya kutungulia makombora ya balistiki. Vitu hivyo Ulaya haiwezi kuvinunua kwingine kwa wingi unaotakiwa.

Julai mwaka huohuo wizara ya ulinzi ya Marekani ilizuia tena baadhi ya shehena, Trump akaamuru ziendelee, na tarehe 14 akiwa na Mark Rutte, katibu mkuu wa NATO, akatangaza utaratibu mpya: nchi za Ulaya na Kanada zinunue silaha za Marekani kwa mafungu ya takriban dola milioni 500, kisha ziipatie Ukraine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe walipewa majirani wa mgeni.

Hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa ya serikali ya Marekani yalipo. Mirija ya silaha haikuzibwa, lakini ankara ilibadilishwa jina la mlipaji, na zawadi ikawa bidhaa. Serikali mpya ilipata kitu ambacho serikali ya zamani haikuwa nacho: kuishawishi Kyiv iketi mezani kwa masharti yake bila kutoa fedha mpya za maana. Biden alikuwa analipa na anaogopa. Trump halipi, na bado ana nguvu ya kuzima taa. Mkataba wa madini kati ya Marekani na Ukraine uliotiwa saini tarehe 30 Aprili 2025 uko katika mkondo huohuo. Anayedhani serikali isiyolipa huwa imejitoa vitani hajafuatilia miezi ile.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine, na kwa mwanasheria wa katiba ni habari tamu. Kwanza tukumbuke kwamba mgeuko mkubwa wa Berlin haukuletwa na uchaguzi. Olaf Scholz alichukua ukansela Desemba 2021, na Januari 2022 serikali yake ilikuwa inaahidi Ukraine kofia 5,000 za chuma, jambo lililowachekesha na kuwaudhi wengi. Mwezi mmoja baadaye, Urusi ikiwa imevamia, serikali ileile ikatangaza mfuko wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi na kuruhusu silaha zipelekwe vitani. Vita vilifanya kwa siku tatu kile ambacho chaguzi hazikukifanya tangu Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014.

Halafu msaada huohuo ukasaidia kuivunja serikali. Novemba 2024 Scholz alimfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, kwa ugomvi wa bajeti uliohusu, pamoja na mengine, nyongeza ya euro bilioni 3 kwa Ukraine: mmoja alitaka kukopa, mwingine akashikilia kikomo cha kukopa kilichomo katika katiba. Uchaguzi ukafanyika tarehe 23 Februari 2025. Friedrich Merz, mshindi, akagundua kwamba katika Bunge jipya vyama vya pembeni vitakuwa na zaidi ya theluthi moja ya viti na vinaweza kuzuia badiliko lolote la katiba. Kwa hiyo akalirudia Bunge la zamani, lililokuwa limebakiza siku chache. Tarehe 18 Machi Bunge hilo lililokwisha kushindwa kwenye sanduku la kura likapitisha badiliko la katiba: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa hayabanwi tena na kikomo cha kukopa, na ndani yake umetajwa msaada kwa nchi iliyoshambuliwa kinyume cha sheria za kimataifa. Siku chache baadaye zile bilioni 3 zikaidhinishwa. Wako waliolalamika kwamba ni kuwadhulumu wapiga kura wapya, na malalamiko yao yana uzito. Kwa upande wa Kyiv, matokeo yake ni kwamba serikali yoyote ijayo ya Ujerumani inaweza kupunguza msaada ikitaka, lakini haitaweza kujificha nyuma ya katiba kwamba haina pa kukopa.

Na Merz huyo, alipokuwa upinzani, alimsakama Scholz kwa kutopeleka makombora ya masafa marefu ya Taurus. Aliapishwa Mei 2025, na muda si mrefu serikali yake ikatangaza kwamba haitaweka hadharani orodha za silaha inazopeleka. Kuhusu Taurus, maneno yakapungua. Badala yake Berlin ikakubali kugharimia utengenezaji wa silaha za masafa marefu ndani ya Ukraine kwenyewe. Labda ni busara. Lakini aliyesikiliza hotuba zake za 2024 alitegemea kitu kingine.

Nchi nyingine nazipita kwa haraka. Uingereza ilipishana mawaziri wakuu wanne kutoka Boris Johnson hadi Keir Starmer, na chama tawala kikabadilika Julai 2024, bila sera ya Ukraine kutikisika, kwa sababu vyama vikubwa vyote viwili vilikuwa vimekubaliana kabla. Italia ilimpata Giorgia Meloni 2022 akiwa na washirika waliosifika kwa urafiki na Vladimir Putin, naye akaendelea kupeleka silaha. Uholanzi chama cha Geert Wilders, kilichopinga msaada wa silaha, kiliongoza uchaguzi wa Novemba 2023, lakini serikali iliyoundwa ilikuwa ya vyama vinne na ndege za F-16 zilipelekwa kama zilivyoahidiwa. Serikali ya muungano humtafuna mshindi kabla hajamtafuna mwingine.

Poland inaonyesha kinyume chake, kwamba rafiki naye ana wakulima. Serikali ya Chama cha Sheria na Haki, iliyokuwa mstari wa mbele kuisaidia Kyiv, iligombana nayo Septemba 2023 kwa sababu ya nafaka za Ukraine zilizoshusha bei, kampeni zikiwa zimepamba moto. Donald Tusk akashinda, akaapishwa Desemba, na Kyiv ikapumua. Madereva wa malori walikuwa wamefunga mpaka, na Februari 2024 wakulima wakaufunga tena, chini ya serikali hiyo rafiki. Agosti 2025 rais mpya, Karol Nawrocki, alipiga kura ya turufu dhidi ya muswada wa misaada kwa wakimbizi wa Ukraine, na waziri wa Tusk akalalamika kwamba hatua hiyo inahatarisha pia malipo ya Poland kwa huduma ya intaneti ya Starlink inayotumiwa na Waukraine. Nchi moja, serikali moja, rais mmoja, na kila mmoja ana saini yake.

Je, msaada ukikatwa kweli, nini hutokea? Hapa Kabul ina jibu kali kuliko Saigon. Askari wa Umoja wa Kisovieti waliondoka Afghanistan Februari 1989, na karibu kila mtu alitabiri kwamba rais wake, Najibullah, hatamaliza mwaka. Alidumu miaka mitatu. Mwaka uleule wa 1989 jeshi lake liliwashinda mujahidina waliojaribu kuuteka mji wa Jalalabad. Kilichomweka ni mafuta, chakula, silaha na fedha kutoka Moscow, ambavyo alivigawa pia kwa wanamgambo wa kaskazini kama Abdul Rashid Dostum. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1991 lilipowaangusha huko Moscow wale waliokuwa watetezi wake, Marekani na Wasovieti wakakubaliana Septemba kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1992 hakuna upande utakaopeleka silaha Afghanistan. Dostum hakusubiri ghala liishe. Aliasi mapema mwaka huo, na Aprili Najibullah akaanguka. Vietnam Kusini na Afghanistan zote mbili zinaonyesha kwamba mshirika huanza kuvunjika ndani pale watu wake wanapoamini kuwa mgao ujao hautakuja, na imani hiyo hutangulia upungufu wenyewe. Ndiyo maana maneno ya kampeni yana gharama hata yasipotekelezwa.

Askari ndio msaada mwepesi kuliko wote kuuondoa. José Luis Rodríguez Zapatero alishinda Uhispania tarehe 14 Machi 2004, siku tatu baada ya mabomu ya treni za Madrid. Aliapishwa tarehe 17 Aprili, na kesho yake akatangaza kwamba askari wapatao 1,300 walioko Iraq wanarudi. Mwisho wa Mei walikuwa wamekwisha kuondoka. Hakuhitaji kura ya Bunge wala kuvunja mkataba na kiwanda.

Kusini mwa Afrika tuliyaona haya kwa ukatili zaidi, maana huko mfadhili alipobadilika vita vilihama naye. Renamo iliundwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia kwa ajili ya kuisumbua Msumbiji ya Samora Machel. Rhodesia ilipopata uhuru na kuwa Zimbabwe tarehe 18 Aprili 1980, kundi lile lilitakiwa kufa. Badala yake jeshi la Afrika Kusini lililirithi, likalihamishia Phalaborwa, na vita vilivyokuwa vya mpakani vikaenea karibu nchi nzima. Upande wa pili nao ukabadilika: serikali mpya ya Harare, iliyokuwa imelelewa na Frelimo, chama cha Machel, wakati wa mapambano, ikapeleka askari kulinda njia ya Beira. Serikali moja ilipobadilika, pande zote mbili za vita zilibadilisha wafadhili.

Tanzania nayo ilikuwa inapita katika mabadiliko yake ya kwanza. Mwalimu Nyerere alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi Novemba 1985, na wapo waliodhani kwamba rais mpya, mwenye uchumi uliochoka mikononi, angeanza kwa kubana. Lakini ni katika miaka ya Mwinyi ambapo askari wa Tanzania walikwenda Zambezia kusaidia jeshi la Msumbiji, wakarudi 1988. Ukombozi wa kusini ulikuwa sera ya chama, na mwenyekiti wa CCM hadi 1990 alikuwa Nyerere yuleyule. Ofisi ya rais ilibadilisha mtu. Mahali ilipoandikwa sera hapakubadilika.

Karibu zaidi na siku zetu ni habari ya Goma, mashariki mwa Kongo. Uhuru Kenyatta, akiwa rais wa Kenya, ndiye aliyesukuma mazungumzo ya Nairobi na wazo la kikosi cha Afrika Mashariki kwenda mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyokuwa imejiunga na jumuiya mwaka huohuo wa 2022. William Ruto aliapishwa kumrithi Septemba, na Novemba akawaaga askari wa Kenya waende. Kwa karatasi, hakuna kilichobadilika: kikosi ni kilekile, na Uhuru akabaki mpatanishi. Kilichopotea ni imani. Kinshasa ilitaka jeshi la kuwapiga waasi wa M23, na ikaanza kuamini kwamba Nairobi mpya inawahurumia waasi. Desemba 2023 Kongo ikakataa kuongeza muda, kikosi kikaondoka, na mahali pake pakaja askari wa SADC, Watanzania wakiwamo. Mwezi huohuo Corneille Nangaa alizindua muungano wake wa waasi jijini Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Hapo mshirika mwenyewe ndiye aliyefunga mlango, msaada ukiwa bado upo.

Ulaya ya sasa inaelekea kuyaelewa haya. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 2025 viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kuikopesha Ukraine euro bilioni 90 kwa miaka ya 2026 na 2027, fedha zitakazokopwa kwa dhamana ya bajeti ya Umoja. Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Czech, ambayo ilikuwa imempata Andrej Babiš kama waziri mkuu siku chache tu kabla, hazikuingia kwenye dhamana, lakini usiku huo pia hazikuzuia wenzao kukubaliana. Babiš hakukata kitu. Alikataa tu kuweka jina lake kwenye deni.

Ufaransa inachagua rais Aprili 2027, mkopo huo ukiwa katika mwaka wake wa mwisho. Emmanuel Macron haruhusiwi kugombea tena, na chama cha Marine Le Pen, National Rally, ambacho kimepinga kupeleka askari Ukraine, kina nafasi kubwa kuliko wakati wowote huko nyuma. Fedha za mkopo hazitategemea ikulu ya Élysée peke yake, maana dhamana ni ya wengi. Ndege za Rafale hadi 100 ambazo Macron na Zelensky walizitaja Novemba 2025 bado ziko katika hati ya nia, na hati ya nia haina kiwanda kinachodai malipo yake. Kisha kuna wale askari ambao Paris na London zimekuwa zikipanga kuwapeleka Ukraine baada ya mapigano kusitishwa. Katiba ya Ufaransa inamtaka mtendaji alijulishe Bunge ndani ya siku tatu akipeleka askari nje, na aombe kura yake ikipita miezi minne. Ili kuwarudisha nyumbani haitakiwi kura yoyote.